Neno Zito la Kamusi

Kiwandani walimwita Kamusi, naye karani yule alilipenda jina hilo kuliko lake la ubatizo. Meneja hakujua Kiswahili, kwa hiyo kila taarifa ilipita kwa Kamusi kutafsiriwa kwa Kiingereza.

Siku moja msimamizi aliandika kwamba fundi mzee, akiwa juu ya ngazi, alimrushia mwenzake spana, mwenzake akashindwa kuidaka, ikamchubua kidole. Kamusi angeandika "toss", yaani kumrushia mtu kitu polepole akidake. Lakini neno hilo aliliona jepesi mno, la watoto. Akaandika "hurl" kwa sababu lilijaza mdomo, asifikirie kwamba ni kuvurumisha kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira.

Kesho yake fundi mzee akafukuzwa kazi kwa kumshambulia mwenzake.

Kamusi alikimbilia kwa meneja, akakiri kosa ni lake. Akajibiwa kwamba nafasi imeshajazwa. Jioni akaenda kwa mzee, akamweleza yote huku ameinamisha kichwa.

"Binti yangu," mzee akasema, "miaka ishirini narusha spana, na hakuna aliyelalamika. Hata hilo neno lenyewe silijui."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Siku hizi Kamusi hatafsiri taarifa bila kushuka karakanani na kusema, "Nionyesheni kwa mikono ilivyokuwa." Vijana wapya humcheka. Pale penye ngazi sasa anapanda mtu mwingine, na Kamusi hawezi kumtazama.