Maziwa Yaliyorudi Matemwe

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, spika ya msikiti wa mtaani kwetu ilitangaza kifo cha jirani yangu, na Mji Mkongwe ukaendelea kuwauzia wageni kofia na viungo. Alikuwa mkemia, mwanamke mpole aliyepima mafuta yaliyomo ndani ya damu, samaki na maziwa. Jina lake silitaji. Hakupenda kutajwa hata alipokuwa hai. Nimehuzunika, na mniwie radhi wasomaji wangu, nimekasirika pia.

Miaka yake ya mwisho alishikwa na suali moja. Samaki wa Matemwe, kijiji cha wavuvi, siku hizi humpita mvuvi mlangoni pake bila hata kubisha hodi, akaishia hotelini. Basi mama anayenyonyesha, aliyebakiwa na muhogo na mchicha, maziwa yake bado yana yale mafuta ya samaki yanayojenga ubongo wa mtoto? Jicho haliwezi kujua. Kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi upo mtambo unaoyapitisha mafuta katika bomba jembamba, yakatengana aina kwa aina, kisha ukapima uzito wa kila chembe. Kilichokosekana ni maziwa, nami nikampeleka Matemwe kwa gari yangu. Bibi mmoja, ambaye mke wa mwanawe alikuwa ananyonyesha, alitusimamisha mlangoni.

"Haya maziwa atakuja kuyanywa nani?"

"Hanywi mtu, bi mkubwa. Nnakwenda kuyapima tu."

"Akipewa mwana wa watu, keshakuwa ndugu wa kunyonya wa mjukuu wangu. Kesho wakioana, dhambi utaibeba wewe?"

Jirani yangu hakucheka. Aliapa kuwa maziwa hayatagusa mdomo wa mtoto yeyote, na kwamba atarudi na jawabu. Ndipo akina mama wakampa, kila mmoja kichupa chake.

Pampu ya mtambo ikafa. Kipuri kikaagizwa nje, na agizo likazunguka kutafuta saini. Vichupa vikangoja kwenye friza, na mafuta ya samaki ndiyo ya mwanzo kuharibika. Sikukuu ikaingia, umeme ukakatika, jenereta haikuwa na dizeli, na hakuna aliyekwenda kutazama. Aliporudi kazini alikuta maziwa yote yameyeyuka na harufu imegeuka. Mkubwa wake akamliwaza: "Maji yakimwagika hayazoleki." Akajibu, "Hayakuwa maji, mzee."

Angeweza kuyamwaga kwenye sinki yakaisha. Alivirudisha vichupa Matemwe, tena kwa gari yangu, kila mama akakabidhiwa chake, amwage mwenyewe atakapo na aone kwa macho yake kuwa hakuna mtoto aliyeyanywa. Bibi yule alikipokea cha mkwewe, akakinusa.

"Na jawabu?"

"Sina, bi mkubwa."

"Basi huyu mtoto tumlishe nini?"

Tulisimama pale kama wezi. Kipuri kilikuja baadaye sana, na jirani yangu akasema hana tena uso wa kuomba maziwa mengine. Naamini suali lile lilimla mpaka mwisho.

Mnataka funzo, na nililonalo halifariji. Tumezoea kuambiana kawia ufike. Labda kwa barabara na majengo. Ubongo wa mtoto haungoji saini ya mtu. Watoto wale wameshaachishwa ziwa, sasa wanakwenda chuoni na misahafu yao, na kama kuna kitu tulichowanyima, hatutakijua sisi, wala hawatakijua wao.