Kaboni ya Kwenye Bomba

Jirani yangu simpendi, na sioni haya kusema. Tanuru lake la kuchomea mawe ya dhahabu alilijenga nyuma ya dirisha la mama, hapa Kharumwa, huku akijua mama ana pumu. Mawe yale yana salfa. Yakichomwa, moshi unakata koo, na mama anakesha ameketi kitandani, anavuta hewa kwa mabega. Nikienda kulalamika, jibu ni lile lile: "Mbona sisi hatufi?"

Tuligombana mpaka serikali ya kijiji ikamlazimisha afunge chujio kwenye bomba la moshi. Fundi akaleta pipa la chembe nyeusi, akaniwekea moja kiganjani.

"Hii ni kaboni. Ndani ni vitundu vitupu, jicho haliwezi kuviona. Gesi ya salfa ikipita inanasa humo. Ikijaa, niiteni niibadilishe. Msiichome, itatema yote iliyomeza."

Mama akalala. Alilala, jamani! Akaanza hata kukaa nje kuchambua mchicha na kuitikia salamu za wapita njia. Mama hakuwahi kuiacha salamu ya mtu, hata ya yule mshenzi. "Mwangaluka, mayu," jirani anamwamkia kwa Kisukuma, na mama anaitikia, mimi nasonya.

Kilichotuponza ni neno lenyewe, kaboni. Huku kwetu kila mtu anajua kaboni ndiyo inayotiwa kwenye matangi ya kuchenjulia ili inase dhahabu. Ukishaitoa unaichoma, unapata mali. Basi bwana yule akawaza: ya tangi inanasa, ya bomba itaacha? Asubuhi moja akafungua pipa, akamimina yote kwenye tanuru, akawasha. Nilikuwa natoka kisimani harufu iliponifikia. Nikatupa ndoo, nikakimbia.

Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawasemi mauti ya nani.

Tulimpeleka mama hospitali kwa bajaji. Jioni yule mtu akaja wodini, majivu bado kwenye kucha. Dhahabu hakupata hata punje. Akainama.

"Shikamoo, mama."

Midomo ya mama ikacheza ndani ya kinyago cha oksijeni. "Mara…" Akavuta hewa, akaanza tena. "Mara…"

"Toka!" nikamwambia yule mtu.

Kabla hakujakucha, mama akafariki. Pumzi zilikuwa zimebaki chache, na alimgawia yeye.