Picha ya Uani

Mimi nina kamera yenye lenzi ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Binti wa mjomba wangu, aliyebaki kwetu kisiwani Chula, Somalia, ana simu iliyopasuka kioo. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba sikuwa na sababu ya kumwonea wivu. Nilimwonea hivyo hivyo, na ninamwonea hadi leo.

Mama alitoka Chula mwaka wa tisini na moja, mimi nikiwa mgongoni mwake, akafikia Mombasa na hakurudi tena. Mwaka jana daktari alimwambia ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea haitarudi. Alimsikiliza daktari kwa adabu, tukapanda tuktuk, na tulipofika nusu ya njia akaniambia, "Nataka kuiona nyumba ya kwechu kabla ya mato haya kufunga."

Nilifurahi, na naona haya kusema hivyo. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na nikipata nafasi napiga ndege na wanyama wa pwani, watu wananisifu. Lakini sifa za nyumbani kwetu zilikuwa za mtu mwingine. Binti wa mjomba akituma salamu za sauti, mama hunifanya nizirudie mara tatu, kisha husema, "Chanda chema huvikwa pete." Mimi ninayempeleka hospitali, ninayemtilia dawa machoni asubuhi na jioni, sikuwahi kuvikwa hata uzi. Sasa palitokea jambo ambalo mimi tu ningeliweza: yeye safari hakuiweza, nami ningemletea nyumba kwa picha.

Nikapanda ndege hadi Kismayo, na kutoka hapo boti ya mota hadi Chula. Mjomba alinipokea vizuri. Nyumba yenyewe ilikuwa bado imesimama: kuta za mawe ya matumbawe na udongo, chokaa imebanduka huku na huku, paa la makuti, na mbele baraza ya jiwe iliyolainishwa na makalio ya watu wa vizazi vitatu. Asubuhi tatu nililala kifudifudi kwenye tope la mikoko nikimvizia furukombe, kaa wakinipanda miguuni, mpaka nikamnasa anainuka na samaki kuchani. Binti wa mjomba alikuja kunitazama akacheka. "Kaka, huyu yupo kila siku. Ungeketi tu, angekuja mwenyewe."

Siku ya nne nikapiga nyumba. Nilingoja jua la alasiri liuguse ukuta, kisha nikawaomba wote waondoke. Mjomba ashuke barazani, watoto waende ufukweni, madumu ya maji yaingizwe ndani, mlango ufungwe.

"Vachu vote?" aliuliza mjomba.

"Wote, mjomba. Nataka picha safi."

Alinitazama kidogo, akavaa makubadhi yake akaenda. Mgeni hakatazwi. Nilipotaka kuzunguka nyuma, binti wa mjomba alisimama kwenye mlango wa uani. "Hapa si pa vanaume, kaka. Vanawake vanasukana." Mila hiyo naijua, na kusema kweli sikusikitika. Nilichungulia nikaona kuku, sufuria na kamba ya nguo, nikasema moyoni kwamba uzuri wote uko mbele.

Niliporudi Mombasa niliisafisha ile picha ya nyumba kwa ukubwa, nikaitia kwenye fremu. Mama aliileta karibu na pua na kuizungusha polepole, maana jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda na la kulia lilikuwa likiona pembeni tu.

"Mbona mlango umefungwa?"

"Ili ipendeze, mama."

"Na barazani hamna mchu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kafa?"

Kwetu visiwani mlango haufungwi mchana, na baraza haiachwi tupu alasiri ila watu wamekwenda kuzika. Hilo kila mtoto wa Chula analijua. Mimi nimezaliwa Chula lakini nimekulia kwenye nyumba za makufuli, nikasahau. Nilimwapia kwamba wote ni wazima, nikamwonyesha furukombe ili tuache habari hizo. Akasema, "Mzuri," kama asemavyo mtu akionyeshwa mtoto wa jirani. Nikaanza kumweleza jinsi nilivyolala topeni, nikaeleza na lenzi, nikaeleza na jua. Alinipapasa goti. "Kizuri chajiuza, mwanangu. Na uani hukupiga?"

Sikuwa na uani. Usiniulize niliona nini moyoni mwangu.

Nadhani mjomba alisikia kwa mama kwenye simu, kwa sababu baada ya siku chache, katikati ya Shaabani, ilinifikia picha kutoka kwa binti wa mjomba. Aliituma kwangu kwa kuwa mama ana kabambe, simu isiyopokea picha. Chini aliandika tu, "Mwonyeshe shangazi." Ilikuwa ya uani. Imepinda, na kwenye pembe moja kuna kidole chake. Niliitazama mara moja nikajua kwamba ndiyo iliyokuwa ikitakwa. Nikazima simu.

Nilijiambia nitamwonyesha kesho. Kesho mama alikuwa amechoka. Kesho kutwa nilikuwa na harusi. Binti wa mjomba akauliza, "Shangazi ameona?" Nikamjibu mtandao mbovu. Ramadhani ikaingia, akauliza tena, nikamwambia mama anapumzika. Fremu yangu ilikuwa ukutani mbele ya kitanda, na mlango wake umefungwa, na nilitaka ibaki peke yake. Hiyo ndiyo kweli, wala sina ya kuipamba.

Siku chache baada ya Idi, mama alinyoosha mkono kuomba kikombe ambacho kilikuwa mbele yake. Nikakisogeza mpaka kwenye vidole vyake. Kisha nikatoa simu nikasema, "Mama, kuna picha ya uani."

Aliishika kwa mikono miwili. Alijaribu upande huu na ule, akainua kichwa, akainamisha. "Naona weupe," akasema. Akanirudishia. "Nambie kilichomo."

Nikamwambia. Mlango wa uani uko wazi, kandambili mbili kizingitini. Mwanamke ameinama, uso hauonekani, anasaga liwa ya kupaka usoni kwenye jiwe la tumbawe. Pembeni kuna gamba la kasa limelazwa chali, lina maji ya kuku, na tetere mmoja amesimama ukingoni anakunywa.

"Lina ufa?"

Nikaikuza picha kwa vidole. Lilikuwa na ufa, umeshonwa kwa waya.

"Ni mimi niliyelivunja," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Mama alinifukuza na mwiko mpaka pwani. Na majini mnaonekana nini?"

Sikuwa nimeangalia majini. Niliangalia sasa. Mlikuwa na makuti ya paa, na kipande cha mbingu, na mkono wa mtu umeshika simu. Katika asubuhi zangu zote za tope sikupata picha kama ile, naye binti wa mjomba hakulala kifudifudi hata mara moja. Nilimweleza mama yote isipokuwa ule mkono.

"Imekuja leo?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. "Ilikuja Shaabani, mama."

Niliona vidole vyake vinatembea kwenye viungo vya mkono, kama ahesabuvyo tasbihi. "Shaabani," akasema, "nilikuwa nikichambua mchele mwenyewe."

Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana. Alijilaza, akavuta leso mpaka kifuani, akafumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayakuwa na kazi tena.

"Haya, rudia," akasema. "Anza mlangoni."

Tangu siku hiyo, kila alasiri naketi kando ya kitanda chake na kumweleza picha ya mwenzangu, kuanzia kandambili. Furukombe wangu hajamwulizia hata siku moja. Na mpaka leo, Mungu anisamehe, nikifika kwenye ule mkono majini nauruka.