Mfunge Asichomoke

Mwanamke mmoja alinyanyua boksa ya mumewe mbele ya kamera, wanawake zaidi ya mia mbili wakitazama, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, fundo la kwanza napiga mguu wa kulia au wa kushoto?"

Mimi nilikuwa nyuma ya simu, nimeshika taa. Na aliyesababisha yote ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kazi yangu ni kutunga majina. Siyo ya watoto. Una kozi yako ya mtandaoni au ofa ya biashara, maarifa unayo, ila jina lake linasinzia. Unanitafuta.

Wananiita Mzee wa Majina. Kuna fundi wa friji alikuwa anafundisha "Misingi ya Ukarabati wa Majokofu". Nikambatizia kozi "Baridi Imerudi", simu yake haikupoa mwezi mzima. Nilivimba kichwa, sikatai.

Siri yangu ilikuwa moja, naisema leo kwa aibu. Kozi yenyewe nilikuwa siifungui. Naangalia jina, nabadilisha jina, naenda zangu.

Sasa, nina shangazi. Ndiye aliyenilea. Kazi yake ni kufunga vilemba: maharusi, mama wa maharusi, wasimamizi, wote vichwa vyao vimepita mikononi mwake miaka thelathini. Mimi navika watu vilemba vya ukoka, yeye anavika vya kitambaa. Hiyo ndiyo tofauti yetu.

Mwaka huu vidole vikaanza kumgomea. Ikawa asubuhi anafungua chupa ya maji kwa meno. Daktari akamwambia ajiandae, havitarudi kama zamani.

Hakulia mbele yangu. Alichotaka ni kitu kimoja tu: apate watu ishirini awafundishe mafundo yake yote kabla mikono haijakataa kabisa.

Akaweka darasa mtandaoni. Wiki ya tatu akanipigia.

"Baba, nimepata mwanafunzi mmoja."

"Si mwanzo mzuri huo?"

"Ni mimi. Nilikuwa najaribu kama kitufe kinabonyezeka."

Nikaangalia jina. "Mafunzo ya Awali ya Ufungaji wa Vilemba kwa Njia ya Mtandao". Nilipiga miayo kabla sijafika kwenye mtandao.

"Shangazi, hili ni jina la warsha. Tuseme 'Kifunge Kisichomoke'."

"Hilo zuri."

Zuri, lakini nililionja mdomoni nikaona bado halijakolea. Ki, ki, ki, kama mtu anayejilazimisha kucheka. Nikafuta zile ki. Nikaandika "Mfunge Asichomoke".

"Kilemba si mtu," shangazi akasema.

"Shangazi, mtandaoni kitu hakina mvuto. Mwenye mvuto ni mtu. Niamini mimi."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Chini yake nikaongeza: "Mafundo matatu tu. Anatulia kutwa nzima. Hata ukimpeleka harusini, anarudi kama alivyotoka." Picha nilikataa kuweka. Nikasema picha inaua hamu.

Tangazo likatoka Jumatano asubuhi. Saa sita mchana, wanawake hamsini. Ijumaa, mia mbili na kumi na nne.

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Baba, wote hawa wanataka vilemba?"

"Nilikwambia."

Jumamosi saa nne asubuhi nikamuaga mke wangu, naenda kwa mteja. Hakuuliza mteja gani. Au niseme ukweli: alifungua mdomo, mimi nikawa nimeshafika getini.

Sebule ya shangazi iling'aa. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, kichwa cha plastiki mezani, vitambaa vimepigwa pasi. Mwenyewe kapaka hadi wanja.

"Kina mama, karibuni. Kila mtu ana kitambaa chake?"

Skrini ikajaa mashati. Soksi. Tai moja ya michirizi.

Shangazi akaninong'oneza, "Mbona nguo za kiume?"

"Wanabana matumizi," nikajibu.

Akaendelea. "Siri yote ni kukaza. Ukilegeza, utaaibika mbele za watu."

"Kabisa, mwalimu!"

"Lakini usizidishe. Ukizidisha, kichwa kitauma kutwa."

"Na kimuume!" mmoja akadakia. "Tena kimpasuke!"

Hapo ndipo boksa iliponyanyuliwa.

Shangazi akanigeukia taratibu. "Wewe mtoto. Umewaambia hawa watu mimi ni nani?"

Nikalisoma jina upya, safari hii kama mtu mwenye akili. Mfunge. Asichomoke. Nimebadilisha silabi mbili tu, na shangazi yangu kawa mganga wa mapenzi.

Nikawa mdogo kama punje. Miaka thelathini ya heshima, na vile vidole vilivyobaki na muda mchache vinatetemeka juu ya kitambaa. Sijawahi kujichukia vile.

Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka kwa mmoja aliyezima kamera.

"Mwalimu, samahani. Mimi sikuja kufunga."

"Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Kuna somo la kufungua? Wangu nataka nimfungue aende zake."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Sauti ile ndiyo inayoniambia kila asubuhi chai iko mezani.

"Kakukosea nini?" shangazi akauliza. Na yeye alishaitambua, nilimwona usoni.

"Hanipigi. Halewi. Kutwa anawatungia watu majina mazuri kwenye simu, na mimi hajaniita kwa langu huu mwaka wa tatu. Mimi naitwa Hebu. Hebu nipe chaja. Hebu punguza sauti. Shangazi, nilijiunga kwa sababu ya lile jina, sikujua ni wewe. Nilipokuona nikataka kutoka. Nimeshindwa."

Kicheko kilikatika. Shangazi hakuniangalia kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuniangalia.

"Kina mama, nisikilizeni," akasema. "Mimi sifungi waume wala sifungui waume. Nafunga vilemba, vya kichwani. Aliyewadanganya ni mpumbavu mmoja wa ukoo wetu. Anayetaka kutoka aende kwa amani. Anayebaki, weka chini hiyo boksa, katafute mtandio."

Wakachomoka. Mia na ishirini, themanini, hamsini. Idadi ikasimama kwenye thelathini na mmoja.

Mwenye boksa alibaki. Mke wangu alibaki, tena akawasha kamera, macho mekundu, mtandio mkononi. Fundo la tatu, lile linalowatoa watu jasho, alilipata mara ya kwanza.

"Huyo ana mkono," shangazi akasema. Akafuta machozi mbele ya wote bila kujificha. "Nimeviona vidole vyangu vinafanya kazi tena."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa napanga nitamwitaje. Malkia. Pumzi. Ua la Roho. Yote mazuri, na yote yalikuwa ya kuuzia.

Nilimkuta jikoni amenipa mgongo, anaosha sahani, kilemba bado kichwani. Nikasimama mlangoni. Nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa kwao.

Hakugeuka. Alidhani naongea na simu.

Nikaizima, nikaiweka mezani, nikaita tena. Mkono wake ukasimama ndani ya maji. Akageuka.

"Unaniita mimi?"

Darasa siku hizi linaitwa "Funga Kilemba na Shangazi". Jina katunga mke wangu, baada ya kukaa darasani hadi somo la mwisho. Linajaa kila mwezi. Mimi nashika taa.

Kwa hiyo wewe unayeuza kozi, jina tamu tafuta, sikukatazi. Ila fungua kwanza uone ndani kuna nini. Halafu nenda nyumbani, muite wa kwako kwa jina lake. Asipogeuka mara ya kwanza, usikasirike. Ita tena.