Gunia la Shosho na Cheti cha Baba

Likizo hii ya Agosti 2007 Baba alinichukua twende Molo kwa sababu moja: cheti chake cha fundi wa sola kilikuwa karibu kuisha. Bila cheti, duka la mjini linalompa kazi lingetafuta fundi mwingine. Na ili kipigwe muhuri tena, ni lazima mkaguzi aone kazi moja aliyoifunga zamani. Fomu zina maandishi madogo na macho ya Baba yamechoka, kwa hivyo mimi ndiye miwani. Tukaondoka, watu wawili wasiojua kuongea.

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani kwetu Free Area, tulipanda lori lililokuwa likirudi Molo kubeba viazi. Dereva aliongea peke yake njia nzima. "Boss, huyu msichana wako anaumwa na jino?" Baba akacheka. Mimi nikageukia dirisha.

Molo, saa tatu. Baridi ya huko inaingia mpaka ndani ya soksi. Shosho Wambui, nyanya mmoja ambaye Baba alimfungia sola zamani, alitupa chai ya maziwa mazito. Kisha mkaguzi, Bwana Odhiambo, akafika na kuwasha taa. Ikafifia kama kiberiti kinachokufa. Akapima betri.

"Fundi, hii iko chini kabisa. Ndiyo kazi umechagua nione?"

Baba akakagua nyaya moja moja. Zote nzima. Jasho likamtoka, na hapo ni Molo!

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaona gunia limeanikwa uani, limelowa umande, lina kamba kwenye kila pembe. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimwona Baba akijipangusa uso kwa kofia.

"Shosho, hilo gunia ni la nini?"

"Ya kufunika hiyo kioo ya jua huko juu ya paa, mami. Baridi ya hapa inaua hata viazi! Napanda ngazi mwenyewe jioni, naifunika. Naifunua saa saba, kukipata joto. Leo nimeifunua mapema sababu ya wageni."

Mkaguzi alicheka hadi akashika ukuta. Baba hakucheka. "Kosa si lake. Nilifunga nikaenda. Sikumweleza."

"Basi mweleze sasa, nikisikia," mkaguzi akasema. " Hiyo pia ni kazi ya fundi."

Baba, ambaye nyumbani huomba chumvi kwa kidole, aliongea mpaka chai ikapoa. Kioo hakisikii baridi, alisema. Chakula chake ni mwanga, kuanzia asubuhi.

"Woi! Kumbe nimekuwa nikiilaza njaa?"

Tulingoja jua lijaze betri. Saa nane taa ikawaka, nyumba ikang'aa. Nikasoma fomu kwa sauti, mpaka swali la mwisho: je, mteja ameelezwa matumizi? Baba akamtazama Shosho.

"Andika ndiyo," Shosho akasema, "na iwe kubwa."

Muhuri ukapigwa.

Tulirudi na lile gunia, limejaa viazi, kwa kuwa halikuwa na kazi tena. Siku zote nilidhani kunyamaza ni adabu. Adabu yetu hiyo ndiyo iliyomweka Shosho gizani.

Jioni, Free Area, Mama akauliza, "Haya, safari ilikuwaje?"

Mimi na Baba tukaanza kujibu kwa pamoja.