Geti la Landi Ndogo

Jumatatu tarehe 4 Machi 1991, Kezia Aluoch alitia sahihi katika daftari la zamu la kivuko cha reli cha Landi Ndogo, nyuma ya Makadara, akakabidhiwa bendera mbili, filimbi na ufunguo wa geti. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sahihi hiyo ipo mpaka leo. Mwaka huu daftari liliwekwa kwenye kabati la kioo katika uwanja wa Tamasha la Reli, likafunguliwa ukurasa huohuo, na kando yake kikabandikwa kikaratasi: Usiguse.

Kezia alikisoma kikaratasi hicho asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, akiwa amevaa koti lake la buluu la kazi. Kamati ya tamasha ilikuwa imemshonea koti jingine, jekundu, lenye vifungo vya shaba na kofia ya kubana, vazi ambalo hakuna mlinzi wa geti aliyewahi kulivaa popote kwenye reli hii. Alikuwa ameliacha nyumbani juu ya kiti, likiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Kisha akageuka, akaliona geti.

Lilikuwa katikati ya uwanja, juu ya zulia. Boriti ya chuma ya mita sita, imepakwa upya rangi nyekundu na nyeupe, imezungushiwa kamba ya maua ya karatasi. Watu walikuwa wamepanga foleni kupiga picha nalo. Kezia alisimama hapo kwa muda mrefu kiasi cha watu kumwomba asogee, anaharibu picha.

Ili hasira yake ieleweke, ni lazima kazi yake ieleweke kwanza. Treni ikipiga honi kule konani, mlinzi wa geti anatoka kibandani. Anapiga filimbi. Anasimamisha mikokoteni na pikipiki, anashusha geti, analifunga kwa ufunguo, ufunguo anautia mfukoni. Anaangalia reli kushoto, anaangalia kulia, kwa macho yake mwenyewe, si kwa kuambiwa na mtu. Hapo ndipo anapoinua bendera ya kijani. Kama geti halijafungwa, anainua nyekundu, na treni inasimama, hata ikiwa imembeba nani. Kezia alifanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyekufa wala kuumia kwenye kivuko cha Landi Ndogo, na yeye huitaja habari hiyo bila majivuno, kama mtu anayekutajia saa.

Juni 2022 alipewa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Nafasi ya mlinzi ilikuwa imefutwa. Geti lilibaki limeinuliwa, halina wa kulishusha. Mwaka uliofuata Kamati ya Tamasha ikaja na mashine ya kukatia vyuma, ikaling'oa. Ilisema inalihifadhi.

Tamasha lenyewe lilianzishwa na wenyeji, na si jambo baya. Hizi nyumba zinaitwa landi tangu zilipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wazee waliozaliwa humo wana haki ya kujivunia baba zao waliopiga mataruma na kusukuma makaa. Siku hiyo nyama huletwa kutoka Soko la Burma, bendi hupiga, na vijana hushindana mbio za mikokoteni. Mwaka wa kwanza Kezia alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Kati ya ule wa kwanza na huu wa sita, Nzisa alipoteza mguu.

Nzisa huuza mahindi ya kuchemsha upande wa pili wa reli. Tarehe 11 Juni mwaka jana alikuwa akivuka na sufuria yake kichwani, pikipiki tatu zikinguruma nyuma yake, na treni ikatokea konani. Honi aliisikia treni ikiwa imeshafika. Madaktari walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Kezia ndiye aliyemfunga jeraha kwa kanga yake mpaka gari likapatikana, na tangu siku hiyo alikwenda mara nne kwa mwenyekiti wa kamati kumwomba jambo moja: geti lirudishwe kivukoni. Mlinzi atakuwa yeye mwenyewe, bila kuajiriwa na mtu, mpaka apatikane mwingine.

Mwenyekiti anaitwa Nahashon. Zamani alikuwa karani wa stoo ya reli; sasa ana nyumba za kupangisha Kayole na shingo imeongezeka. Mara zote nne alisema atalipeleka jambo hilo kwa kamati. Kisha, mwezi wa Julai mwaka huu, yeye ndiye aliyemfuata Kezia nyumbani, mkononi ana bango.

"Tunataka sura yako hapa, Mama Geti," alisema. "Shujaa wa Reli. Wewe ndiye utakayeipitisha treni ya mgeni rasmi."

"Na geti?"

"Geti litakuwa kivukoni siku hiyo. Nakupa neno langu."

"Neno lako nalijua, Nahashon. Nalijua tangu ukiwa stoo."

Nahashon alicheka, akamshika bega, akarudia ahadi mbele ya Nzisa, aliyekuwa ameketi pale akimenya vitunguu. Kwa ahadi hiyo Kezia alikubali sura yake ibandikwe kwenye kila mlingoti wa umeme kuanzia Landi Ndogo hadi Jogoo Road.

Sasa geti lilikuwa juu ya zulia.

Alimkuta Nahashon karibu na jukwaa, amevaa suti na kofia ya stesheni masta. "Mwenyekiti, ulisema kivukoni."

"Baada ya tamasha, Mama. Mgeni rasmi ataka kuliona. Huyu mtu tukimfurahisha leo, kesho tunapata mengi." Akashusha sauti. "Usinianzishie leo, tafadhali. Koti tulilokushonea liko wapi?"

Kezia alimtazama kofia, kisha viatu, akaondoka.

Nzisa alikuwa mbele ya geti, ameegemea magongo yake, anasoma maandishi ya historia.

"Wameandika mwaka lilipotengenezwa," alimwambia Kezia. "Hawakuandika mwaka walipolitoa."

"Twende, Nzisa."

"Ule mguu wangu pia wangeutafuta. Wauweke kwenye kioo, pale kando ya daftari lako. Usiguse." Akacheka peke yake, kicheko kikavu, wakaondoka pamoja kuelekea kivukoni.

Mpango ulikuwa hivi. Treni ya tamasha, mabehewa matatu yaliyopambwa kwa riboni, ingetoka mjini ikiwa imembeba mgeni rasmi. Ingesimama hatua mia moja kabla ya kivuko. Kezia angeinua bendera ya kijani, bendi ingepiga, na treni ingevuka polepole hadi uwanjani, uliokuwa ng'ambo ya pili.

Kivukoni palikuwa na watu kuliko siku ya soko. Wauza mitumba walikuwa wametandaza nguo hadi kwenye kokoto. Mkokoteni wa vitanda ulikuwa umekwama kati ya reli mbili, mwenyewe akibishana na dereva wa pikipiki. Wanawake waliovaa buibui walivuka na mifuko, mafundi walivuka na ngazi, na kila mtu aliangalia simu yake au uwanja, kwa sababu kila mtu aliambiwa leo ni sikukuu na treni ni ya mapambo.

Saa tano na dakika nane, honi ililia konani.

Kezia alipiga filimbi. Watu wachache walisogea. Alipeleka mkono juu mahali ambapo kamba ya geti ilikuwa ikining'inia miaka ile yote, mkono ukashika hewa. Alikaa hivyo kidogo, mkono juu. Nzisa, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda, anasema hajawahi kumwona Kezia na uso kama ule, hata siku ile ya damu.

Kisha Kezia akaingia katikati ya reli, akakunjua bendera nyekundu.

Treni ilisimama mahali pake. Bendi ilianza kupiga, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema, ikapiga wimbo wote, ikamaliza. Nyekundu ilikuwa bado juu. Bendi ikaanza upya.

Aliyefika kwanza alikuwa Bilan, katibu wa kamati, msichana wa duka la vitambaa, kipaza sauti mkononi.

"Mathe, ni ile ya kijani," alisema kwa upole, akidhani amekosea.

"Naijua ya kijani, binti yangu."

"Sasa tunangoja nini?"

"Geti lifungwe."

Bilan akatazama kushoto na kulia. Ni kama ndiyo kwanza alikuwa anauona mkokoteni wa vitanda.

Nahashon alifika akihema, kofia ya stesheni masta imekaa upande. "Kezia, unaniaibisha. Mgeni rasmi anauliza kuna nini. Hiyo bendera ni ya maonyesho tu."

"Na treni?"

"Treni gani?"

"Hiyo. Ni ya maonyesho? Ikimpiga mtu, atakufa kwa maonyesho?"

"Watu watasogea wakiiona."

"Muulize Nzisa kama watu husogea."

Nzisa alimpungia Nahashon gongo kutoka pale ngazini. "Niko hapa, Mwenyekiti. Uliza."

Kuna mtu alicheka, halafu watu kumi. Nahashon aliinyakua ile bendera ya kijani kutoka kwapani mwa Kezia, akatembea kwa hasira hadi kwenye injini, akaipeperusha mbele ya kioo. Dereva, Laban, mtu wa miaka ishirini na tisa kazini, alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, rudisha hiyo kwa mwenyewe," alisema. "Mimi nimeonyeshwa nyekundu. Aliyeionyesha ndiye ataiondoa."

"Mimi ni mwenyekiti wa tamasha."

"Na mimi ni dereva wa treni. Nikipita nyekundu leo kwa sababu yako, kesho nitapita kwa sababu ya nani?" Akajirudisha ndani, akafungua chupa yake ya chai.

Hiyo ndiyo kanuni waliyoiandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa maonyesho, mita mia mbili kutoka pale, chini ya kichwa Fahari ya Reli Yetu. Mwaka baada ya mwaka wameisoma kwa sauti kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja itawasimamisha wao.

Dakika ishirini zilipita. Riboni zilipepea. Ndani ya behewa la pili mtu aliyevaa tai alionekana akitazama saa yake, kisha akiitazama tena. Nahashon alirudi kivukoni, akamrudishia Kezia bendera ya kijani, safari hii sauti ikiwa ya chini.

"Unataka nini, Kezia?"

"Unajua ninachotaka. Nimekuja kwako mara nne."

Bilan hakungoja jibu la mwenyekiti wake. Alikiweka kipaza sauti mdomoni. "Wanaume wanane wenye nguvu, kwenye zulia. Leteni geti kivukoni."

"Na ufunguo," Kezia alisema. "Uko kwenye kioo, chini ya daftari."

"Na ufunguo," Bilan alitangaza. "Nakuja kufungua kabati mwenyewe."

Lilikuja kwenye mabega ya watu, maua ya karatasi yakidondoka njia nzima. Walipolishusha karibu na shimo lake la zamani, Kezia aliinama kulitazama kitako, akanyanyuka taratibu. Kitako kilikuwa kimekatwa. Walikuwa wameiondoa ile sehemu ya chini yote ili likae sawa juu ya zulia.

Alimgeukia Nahashon. Hakupaza sauti, na wale waliokuwepo wanasema ingekuwa afadhali angepaza.

"Ulipokuja nyumbani kwangu na kuniahidi, lilikuwa limeshakatwa?"

Nahashon alivua kofia.

"Nakuuliza mbele ya watu. Lilikuwa limeshakatwa?"

"Lilikuwa limekatwa."

"Basi lishikeni."

Na wakalishika. Wanakamati sita wa Tamasha la Reli, wenye suti na beji, walisimama kukatiza barabara, boriti ya chuma mikononi, rangi mbichi ikiwaingia kwenye mikono ya makoti. Nahashon alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Kezia alipiga filimbi. Mkokoteni wa vitanda ulisukumwa ukatoka. Wauza mitumba walikunja nguo zao. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaenda hadi kwenye kokoto akaangalia tena, bila haraka hata chembe. Kisha akainua ya kijani.

Laban alipompita alimpigia honi fupi mara mbili, kama walivyokuwa wakisalimiana zamani.

Treni ilipokwisha kuvuka, Nahashon aliwaamuru wale wanaume wanane walirudishe geti uwanjani. Nzisa alishatoka kwenye ngazi. Alikuwa ameketi juu ya geti, magongo mapajani, anakula hindi lake mwenyewe.

"Mniinue," aliwaambia. "Lakini mjue nimenenepa."

Hakuna aliyemwinua.

Jumapili, fundi Ondiek alileta mashine yake ya kuchomelea akatengeneza kitako kipya. Geti sasa linapanda na kushuka, na ufunguo uko mfukoni mwa koti la buluu. Jumatatu, askari wawili walimletea Kezia karatasi: anashtakiwa kwa kuzuia treni na kuhodhi mali isiyo yake. Mlalamikaji ni kamati. Jina la Bilan halimo miongoni mwa waliotia sahihi.

Kesi itatajwa Jumatano, tarehe 3 Septemba, saa tatu asubuhi, katika mahakama ya Makadara. Siku hiyo treni ya kwanza hufika kivukoni saa kumi na mbili na dakika arobaini, na ya pili saa moja na robo. Kezia atazipitisha zote mbili, atamwachia Nzisa ufunguo na filimbi, kisha atatembea kwa miguu hadi mahakamani.