Shavu la Kushoto Kwanza

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Ruiru niliposumbuliwa na mafua yasiyoisha. Mama mmoja tuliyeimba naye kwaya akaniuzia maji ya fedha, yaani maji yenye chembe za madini ya fedha, akisema yanaua kila kijidudu. Nilikunywa kijiko asubuhi na jioni kwa miaka, na kwa kweli nilijiona nina nafuu. Kisha kucha zikaanza kuwa za samawati, na uso wangu wa maji ya kunde ukageuka kijivu.

Kila nilipompeleka mtoto wangu kliniki kwa chanjo, muuguzi alinikimbilia mimi kwanza na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima hewa kwenye damu, akidhani nimekosa hewa. Hewa ilikuwa sawa kila mara. Mume wangu alinunua balbu za mwanga wa manjano, akaziweka sebuleni ili kijivu changu kisionekane sana.

Daktari wa ngozi kule Thika alinieleza kwamba ile fedha niliyokuwa nikinywa ilikuwa imekaa ndani kabisa ya ngozi, haingetoka kwa krimu wala kwa kusugua. Miale ya leza ingeweza kuivunjavunja, ila kwa ngozi ya Kiafrika kama yangu kulikuwa na hatari ya kubaki na mabaka meupe. Akajaribu mahali padogo chini ya taya, tukangoja wiki kadhaa. Rangi yangu ikarudi pale.

Tukaanza na shavu la kushoto. Nilipakwa dawa ya ganzi, lakini bado ilikuwa kama kurukiwa na mafuta ya kukaangia. Daktari alisimama ili nipumzike, nikamwambia aendelee.

Uvimbe ulipoisha nilikwenda Juja kumwona mama yangu. Alinikalisha karibu na dirisha, akanigeuza uso huku na huku.

“Huyu ni wewe,” akasema, akigusa shavu la kushoto. Akagusa la kulia. “Na huyu pia ni wewe. Nilikuwa nimeshamzoea.”

Nililia kidogo hapo. Kwenye kiti cha daktari sikuwa nimelia.

Tulimaliza uso na shingo. Mikono niliiacha, daktari alikuwa tayari, mimi ndiye niliyechoka na maumivu. Nikitoka juani navaa kofia pana, kwa kuwa jua huzidisha ile rangi.

Muhula huu mtoto mgeni darasani aliniuliza, “Mwalimu, mbona mikono yako ni ya bluu?”

Nikamwambia nilikunywa dawa nisiyoijua. Akaitazama mikono kidogo, akaridhika, akaendelea kuchora ng’ombe wake.